Ukifika Tübingen, Anza na Kilichotoka Kwenu

Kijana wa Endulen au wa Karatu akipata nafasi ya kusoma Ulaya, siku ya kuagwa hapungukiwi mawaidha. Wazee humwambia asisahau nyumbani. Wenzake humwambia atume picha. Mjomba aliyewahi kuishi Nairobi humwonya ajihadhari na watu. Hakuna anayemwambia afanye nini Jumamosi asubuhi, manyunyu yakidondoka, vipindi vimekwisha tangu jana, na mji wa mamia ya miaka umemzunguka pande zote. Makala hii ni kwa ajili ya Jumamosi hiyo.

Nitazungumzia mji mmoja, Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1477. Wakazi ni kama 90,000, na wanafunzi wanakaribia 28,000, kwa hiyo ukisimama kituo cha basi, karibu kila mtu wa tatu ana mkoba wa vitabu mgongoni. Nyumba za katikati ya mji ni za mbao na udongo, zimeinamiana juu ya vichochoro vya mawe, na Vita Kuu ya Pili haikuzibomoa kama ilivyobomoa Stuttgart jirani. Ni mji mzuri, hilo halina ubishi. Lakini sikuuchagua kwa uzuri wake. Nimeuchagua kwa sababu katika miji yote ya kale ya Ulaya yenye vyuo, ni huu uliohifadhi kabatini kipande cha ardhi ya Endulen, na ni humu pia, kwa kadiri nijuavyo, lugha zetu mbili zilipigwa chapa mapema kabisa. Anayekwenda Leiden, Uppsala au Edinburgh anaweza kuuchukua ushauri uleule akabadilisha majina.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Mtalii ana siku mbili. Wewe una miaka miwili na kitambulisho cha mwanafunzi. Usiutembee mji kama mtalii. Chagua mahali pachache, urudi hapo mara nyingi, na anza na kilichotoka kwenu, maana ndicho kitakachokufungulia milango ya vile visivyotoka kwenu.

Kabla ya hayo, karatasi. Wiki za mwanzo ni zake, na ukizembea zitakula muhula mzima. Viza huombwa ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, na usiyekuwa na ufadhili kamili utatakiwa uonyeshe akaunti iliyofungwa yenye fedha za kukutosha mwaka mzima. Tangu 2024 kiwango kimekuwa euro 11,904, zinazotolewa 992 kwa mwezi. Jimbo la Baden-Württemberg, ulipo Tübingen, hutoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula tangu 2017, tofauti na majimbo mengine mengi. Uliza habari za msamaha wa ada mapema, kabla hujakubali nafasi. Chumba cha bweni kiombe siku ileile unayopata barua ya kukubaliwa, kwani foleni ni ndefu. Mabweni mengi yako juu kilimani, Waldhäuser Ost, na usiku basi hupita kwa nadra. Ukishahamia, una wiki mbili za kujiandikisha manispaa kwamba unaishi pale. Bila karatasi hiyo hata benki watakusumbua. Bima ya afya ni lazima. Na ukiona kibao kidogo kimening'inizwa mlangoni pako, usikitupe: ni zamu yako ya kufagia ngazi za jengo wiki hiyo. Watu wa huko, Waswabia, wanaweza kukusamehe Kijerumani kibovu; ngazi chafu hawasamehi.

Sasa tuje kwenye kabati.

Wengi wetu tumekua tukisikia habari za nyayo za Laetoli, jirani na Endulen: kwamba miaka milioni 3.66 iliyopita viumbe waliotembea wima walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, na kwamba mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilifukua njia yao yenye urefu wa kama mita 27. Tumeambiwa pia kwa nini hatuzioni: zilifukiwa tena zisiharibike. Lisilosimuliwa sana ni kwamba miaka karibu 40 kabla ya hapo, mwaka 1938 na 1939, Mjerumani mmoja, daktari na msafiri aitwaye Ludwig Kohl-Larsen, alipiga kambi katika nchi hiyohiyo, kando ya kijito alichokiandika kwa jina la Garusi. Mwaka 1939 akapata kipande cha taya la juu chenye meno mawili. Kikasafirishwa Ujerumani pamoja na masanduku ya mifupa ya wanyama. Mwaka 1950 mtaalamu Hans Weinert alikipa jina la kisayansi ambalo halikudumu, na leo kinahesabiwa kuwa cha Australopithecus afarensis, jamii ileile ambayo kielelezo chake rasmi ni taya la chini lililopatikana Laetoli na kikosi cha Leakey. Kipande cha Garusi kiko Tübingen.

Hakijawekwa sebuleni kwa kila apitaye. Ndiyo maana mtalii hakioni. Wewe omba. Wanafunzi wengi wa kwetu hudhani makusanyo ya chuo ni ya maprofesa, mtu hupaswi hata kugonga. Sivyo. Kuna wahifadhi walioajiriwa kuyatunza, na sehemu ya kazi yao ni kuwapokea watu wenye sababu. Sababu unayo, tena nzito kuliko ya wengi.

Andika barua pepe fupi. Anza na cheo na jina la ukoo la unayemwandikia, kwa Kijerumani hata kama barua iliyobaki ni ya Kiingereza. Sentensi ya kwanza: wewe ni nani na unasoma nini. Ya pili: unatoka Endulen, kata ambayo eneo la Laetoli liko jirani nayo. Ya tatu: unaomba kuona kitu gani, litaje jina lake, Garusi 1, ili ijulikane kwamba umesoma. Kisha toa wiki mbili au tatu ambazo una nafasi. Usiombe mambo manne kwa mpigo, wala usieleze historia ya ukoloni katika barua ya kwanza. Iko nafasi yake. Zikipita wiki mbili kimya, kumbusha kwa upole. Siku ya miadi fika dakika tano kabla, na penseli badala ya kalamu ya wino. Usiguse kitu mpaka uambiwe. Ukitaka kupiga picha, uliza, na uulize pia picha itaruhusiwa kutumika wapi. Huenda ukaonyeshwa nakala badala ya kitu chenyewe. Ipokee, kisha tazama sana: ukubwa wa meno, yalivyolika, namba iliyoandikwa, mwandiko wa kibandiko, jina la mahali lilivyoendelezwa. Kaa nacho. Nusu saa mbele ya kitu kimoja inafundisha kuliko siku nzima ya kupita kumbi.

Halafu uliza maswali. Kilifikaje hapa? Kwa kibali cha nani? Vitabu vya safari viko wapi? Kohl-Larsen alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na wakati ule Wajerumani wengi walikuwa na hamu ya kurudishiwa makoloni, Tanganyika ikiwa mojawapo. Alichimba pia pango la Mumba kando ya Ziwa Eyasi, na vitu alivyovitoa huko navyo viko Tübingen. Aliandika simulizi za Wahadzabe na majirani zao akazichapisha kwa Kijerumani. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mang'ola au wa Mbulu naye ana barua yake ya kuandika. Kuuliza maswali haya si utovu wa adabu. Vijana wa Kijerumani wenyewe wanayauliza. Tofauti ni kwamba wewe ukiuliza, watu huinua vichwa.

Ukitoka hapo, nenda Sigwartstraße, kwenye mkusanyo wa mabaki ya viumbe wa kale. Utakutana na mtu wa Lindi. Namaanisha mjusi: Kentrosaurus, mwenye mabamba na miiba mgongoni, kutoka kilima cha Tendaguru. Aliyempa jina ni Edwin Hennig, mwaka 1915. Alikuwa Tendaguru katika uchimbaji wa 1909 hadi 1913, kisha akawa profesa hapa Tübingen. Waliochimba ni mamia ya vibarua wa Kitanganyika, chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani, na mizigo ilifika bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku kadhaa. Mbele ya mifupa hiyo fanya zoezi moja: soma kila kibandiko, andika daftarini jina la nani limetajwa na la nani halimo. Ukienda Berlin siku moja, rudia zoezi hilo chini ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, mwenye kimo cha mita 13 na ushei, ambaye watalii hupiga picha huku shingo zimewauma.

Sasa panda ngomeni. Kasri la Hohentübingen liko juu ya mji, na ndani yake makumbusho ya chuo yanaonyesha sanamu ndogondogo zilizochongwa kwa pembe za mamothi, tembo wale wa kale wenye manyoya, katika mapango ya milima ya jirani, miaka kama 40,000 iliyopita. Farasi wa Vogelherd, aliyepatikana 1931, hafiki sentimita tano. Angekaa kiganjani mwa mtoto. Shingo yake imepinda kwa madaha kiasi kwamba unasahau umri wake. Nenda kwake baada ya Garusi, si kabla. Ukitoka kutazama taya la miaka milioni tatu na ushei, farasi huyu anaonekana amechongwa juzi, na unaanza kuelewa kwa nini mji mmoja uliamua kuyasomea yote mawili. Kumbuka Mumba nako kumepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Chuo kinafundisha shahada ya uzamili ya sayansi za akiolojia na chimbuko la binadamu kwa Kiingereza, na sijui kwa nini kijana aliyekua akichunga jirani na Laetoli asiwe darasani humo. Njia ya upande wa pili hukanyagiwa nyumbani: nyayo mpya za Laetoli zilizotangazwa 2016 zilitafitiwa na timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki.

Katika kasri hilohilo, kwenye jiko la zamani lililogeuzwa maabara, Friedrich Miescher aligundua mwaka 1869 kitu ambacho leo kila anayesoma biolojia anakijua kama DNA. Alikipata kwenye usaha wa bendeji za hospitali. Kama unasomea udaktari au uuguzi ukitamani siku moja kurudi kufanya kazi hospitali ya Endulen, simama kidogo jikoni hapo. Mambo makubwa yalianza na bendeji chafu na mtu mwenye subira.

Lakini mahali ambapo ningekuomba upoteze muda wako mwingi zaidi si kasri. Ni Derendingen.

Derendingen ni kitongoji cha kusini. Kutoka katikati ya mji unafika kwa miguu bila kutoka jasho. Mwaka 1810 alizaliwa pale mtoto wa mkulima, Johann Ludwig Krapf. Shule ya msingi ya kitongoji ina jina lake hadi leo. Alifika Zanzibar na Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe na mtoto wao mchanga wakafariki Mombasa. Akabaki, akaanza kituo Rabai, akashika kazi ya kuandika Kiswahili cha Mvita kwa herufi za Kilatini, wakati wenyewe pwani walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Haya wengi mmeyasikia shuleni. Ambalo pengine hamkusikia ni kwamba kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa Tübingen, mwaka 1850, katika mtambo wa Fues. Mwaka huohuo na mtambo huohuo kikatoka kitabu cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki. Na mwaka 1854, hapohapo, kikatoka kijitabu cha msamiati wa lugha ya Wakwavi. Yaani Kimaa.

Narudia, kwa sababu nilipolijua jambo hili nililisoma mara mbili: orodha ya maneno ya Kimaa, imechapishwa katika mji mdogo wa Uswabia, mwaka 1854, na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Ngorongoro. Aliyakusanya kutoka upande wa pwani.

Basi fanya hivi. Maktaba ya chuo iko Wilhelmstraße. Vitabu vya umri huo haviazimwi. Vinasomwa ndani, katika chumba maalumu, juu ya mto wa kitambaa. Agiza kile cha 1854. Siku hiyo uwe na salio la kutosha kwenye simu. Nakili maneno kama thelathini: ya mifugo, ya mvua, ya ndugu, ya mwili. Jioni ukiwa chumbani, mpigie yeyo, mama yako, kama mtandao wa Endulen umeamka vizuri, umsomee moja moja jinsi yalivyoandikwa. Atacheka, maana mengine Krapf aliyasikia vibaya. Mengine atayasahihisha. Mengine atanyamaza kidogo, kisha atasema kwamba neno hilo koko wake, yaani bibi yake, alikuwa akilitumia. Andika kila jibu pembeni mwa neno. Ukimaliza kurasa zote, utakuwa na kazi ambayo idara yoyote ya isimu ingeipokea kama insha ya muhula, na hakuna mwanafunzi wa Kijerumani, hata awe hodari vipi, angeweza kuifanya badala yako. Mwanafunzi wa Mombasa au Rabai afanye vivyo hivyo na sarufi ya 1850.

Mji wenyewe, ule wa kadi za posta, nitaupitia haraka kwa sababu vitabu vya wageni vimeujaza. Ukumbi wa manispaa ni wa 1435, na saa yake ya nyota ilitengenezwa 1511. Sokoni mbele yake kuna mboga, asali na jibini, na bei si za mnada wa Karatu, kwa hiyo tazama zaidi ya kununua. Seminari ya Kiprotestanti, iliyoanzishwa 1536, iliwasomesha Kepler, Hegel na mshairi Hölderlin. Hölderlin akili ilipomruka, fundi seremala mmoja alimchukua nyumbani kwake kando ya mto, akamtunza katika chumba cha mnarani tangu 1807 hadi alipofariki 1843. Miaka 36. Watu husimama pale kwa ajili ya mashairi. Mimi humfikiria zaidi yule seremala na familia yake. Kuna duka la vitabu ambako Hermann Hesse alifanya kazi ujanani. Na kuna nyumba yenye kibao kwamba Goethe aliishi hapa, na jirani yake wanafunzi wamebandika chao kwamba hapa ndipo Goethe alipotapika. Utani wa aina hiyo utakusaidia kuwaelewa Wajerumani kuliko kitabu chochote cha mwongozo.

Usiruke makaburi ya mji. Hölderlin amezikwa humo, lakini nenda pia kwenye eneo linaloitwa Gräberfeld X. Walizikwa hapo watu ambao maiti zao zilitumika katika taasisi ya anatomia ya chuo kati ya 1849 na 1963, na mamia kati yao ni wahanga wa utawala wa Nazi: waliouawa kwa hukumu, wafungwa, vibarua wa kulazimishwa kutoka nchi za mashariki. Chuo hikihiki, chenye jiko la Miescher. Mwanafunzi anayeujua upande huo wa mji hababaiki na sifa za miaka 500, na hata ile barua kuhusu masanduku ya Kohl-Larsen ataiandika kwa sauti iliyotulia.

Mto. Neckar unapita chini ya ukuta wa nyumba za rangi, na katikati yake kuna kisiwa chembamba chenye njia ya miti mirefu ya mikuyu ya Ulaya. Kiangazi, watu hupanda mashua ndefu bapa, Stocherkahn, zinazosukumwa kwa mti mrefu kama mpondo wa wavuvi wa pwani. Jiunge na klabu au bweni lenye mashua. Kukodi peke yako ni ghali. Kuna mashindano ya mwaka, kwa desturi siku ya sikukuu ya Ekaristi, ambapo timu inayoshika mkia hunyweshwa mafuta ya ini la samaki, nusu lita kila mtu, hadharani. Kama hujui kuogelea, na wengi wetu wa nyanda za juu hatujui, jifunze kwanza. Mabwawa ya kuogelea yapo, na hakuna atakayekushangaa ukianza na watoto.

Kuhusu majira, watakutisha na baridi. Aliyelala boma la Nainokanoka mwezi Julai hatishiki na baridi. Nguo nzuri zinaimaliza. Giza ndilo adui. Mwezi Desemba kunakucha saa mbili asubuhi imepita, na saa kumi na nusu jioni jua limezama, kama liliwahi kuonekana. Vijana wenye akili timamu hujifungia chumbani, wakaanza kulala mchana na kuchati na nyumbani usiku kucha. Dawa ni kuwa na sababu ya kutoka kila siku kabla ya saa sita mchana: kwaya, mpira, kazi ya saa chache kantini. Sheria ya sasa inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, lakini muhula wa kwanza ningekushauri uache. Makumbusho yote niliyoyataja yaweke Novemba hadi Februari. Kiangazi ni cha mto na milima. Usikipoteze ndani ya majengo.

Chakula si tatizo kubwa. Unga wa mahindi upo kwenye maduka ya Waafrika na ya Waturuki. Kwa mtu wa maziwa, tafuta dukani yale yaitwayo Dickmilch. Ni maziwa mgando hasa, mazito, yenye ukali wa kutosha. Kinachokosekana ni moshi wa mti wa oloirien uliofukiza kibuyu, na hicho hakiuzwi popote. Kahawa nenda na kikombe chako: tangu 2022 Tübingen hutoza kodi ya senti 50 kwa kila kikombe cha kutupa, na mwenye mgahawa mmoja aliipinga mpaka mahakama ya katiba akashindwa. Chupa tupu za plastiki usizitupe, nyingi ni senti 25 ukirudisha. Jumapili maduka hufungwa, kwa hiyo nunua Jumamosi, na Jumapili yenyewe usipige muziki wala kutoboa ukuta.

Jambo la mwisho ni la mdomo. Ukisema unatoka Ngorongoro, mtu wa rika la babu atang'aa uso. Filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, ya 1959, waliiona karibu wote walipokuwa watoto. Mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege akiitengeneza, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta, unalipita ukienda nyumbani. Katika kichwa cha mzee huyo Ngorongoro ina simba na nyumbu, watu hawamo. Kijana wa rika lako naye atakuuliza kuhusu watu wa Ngorongoro kuhamishwa kwenda Msomera tangu 2022, na huenda tayari ana msimamo mkali kuliko wako. Usikubali kuwa msemaji wa mtu yeyote. Tayarisha mambo matatu unayoyajua kwa macho yako: mnaishije, ng'ombe wanatibiwa wapi, shule iko umbali gani. Yaseme kwa utulivu, na swali usilotaka kulijibu usilijibu. Watakuheshimu zaidi. Wengine watakutazama tu, kwenye basi na mitaani. Kadi ya ukaazi iwe mfukoni, na matusi ukiyapata yaripoti chuoni, kuna ofisi yake.

Nje ya mji nenda mara chache, lakini kwa kusudi. Blaubeuren, ukaone sanamu ya mwanamke ya Hohle Fels iliyofukuliwa 2008. Stuttgart, Linden-Museum, kwa vitu vya Afrika. Berlin, kwa mijusi ya Lindi. Na ukiwa huko, katika mtaa wa Neukölln kuna barabara iliyoitwa Wissmann, yule gavana aliyemwaga damu pwani yetu, na tangu 2021 inaitwa Lucy Lameck. Brunnenstraße kuna jiwe dogo la shaba lililolazwa njiani kwa ajili ya Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Paris itakusubiri.

Miezi mitatu kabla ya kurudi, anza kufunga mambo. Jiondoe kwenye daftari la manispaa, dai amana ya chumba, funga akaunti baada ya amana kuingia, si kabla. Vitabu tuma kwa posta mapema kwa anwani ya Karatu, kwa kuwa ndege itakutoza uzito. Waandikie tena wahifadhi uliowatembelea, uwaombe nakala za picha na za orodha, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuzitumia kufundishia. Kisha tengeneza karatasi mbili tu kwa mkuu wa shule uliyosoma: kitu gani umekiona, kiko jengo gani, namba yake ni ipi, na barua pepe ya ofisi inayokitunza. Mwanafunzi atakayefuata aanzie hapo ulipoishia wewe.